Cannae, 216 KK: Polybius ana wafu 70,000, Livius ana 48,200. Tumfuate yupi?

Mdadisi_wa_Tanga

Wakuu, heshima mbele. Naomba msaada wa waliosoma vyanzo vyenyewe.

Cannae, kusini mwa Italia, ndipo Hannibal wa Karthago alipowaponda Warumi. Mwanahistoria Mgiriki Polybius, kitabu cha 3, anawapa Warumi pale askari wa miguu 80,000 na wapanda farasi 6,000 na ushei. Wafu anawaweka kama 70,000. Livius, mwanahistoria wa Kirumi, kitabu cha 22, anasema walikufa askari wa miguu 45,500 na wapanda farasi 2,700, jumla 48,200. Tofauti ya watu zaidi ya 20,000 haiwezi kuwa mkono wa mnakili ulioteleza.

Kanuni ninayoikuta kila mahali ni kwamba Polybius ndiye wa kuaminika. Alizaliwa karibu 200 KK, aliwahi kuongoza wapanda farasi huko kwao Ugiriki, na aliwahoji watu waliokuwapo. Livius alizaliwa Patavium karibu 59 KK, akaandika kwa kutegemea vitabu vya wenzake. Kwa kanuni hiyo tuchukue 70,000 tufunge jalada. Lakini wapo wataalamu wa sasa wanaochukua namba ya Livius, na hapo ndipo ninapopotea. Mwandishi dhaifu anamshindaje aliye bora? Kuna utaratibu wa kupima, au kila mtu anachagua namba inayompendeza?

HesabuKwanza

Utaratibu upo, mkuu, na hauanzi na sifa za mwandishi. Unaanza na kujumlisha namba zake mwenyewe uone kama zinafunga.

Mchukue Polybius 3.117. Askari wa miguu waliotekwa: kama 10,000. Waliokimbilia miji ya jirani: labda 3,000. Waliokufa: kama 70,000. Jumla 83,000. Lakini kurasa chache nyuma ametuambia askari wa miguu walikuwa 80,000. Jeshi limezaa watu 3,000 katikati ya vita.

Sasa tazama 70,000 inatoka wapi. 80,000 ukitoa mateka 10,000 unapata 70,000 kamili. Inaelekea hakuna aliyehesabu maiti. Mtu alichukua jumla ya jeshi, akatoa mateka, kilichobaki akakiita wafu, na wale 3,000 waliokimbia wakasahaulika kwenye hesabu. Namba iliyopatikana kwa kutoa ina udhaifu mmoja mkubwa: kila kosa la kwanza linaangukia kwa wafu. Jumla ikiwa imezidi kwa 5,000, wafu wamezidi kwa 5,000. Waliotoroka wakipunguzwa, wafu wanaongezeka.

Na waliotoroka wamepunguzwa kweli. Livius anataja watu 4,500 waliomfikia Varro, mmoja wa makonsuli wawili (viongozi wakuu wa Roma), huko Venusia, na karibu 10,000 waliokusanyika Canusium. Unaweza kusema "hao nao ni maneno ya Livius tu". Sawa. Ila manusura hao hawaishii kwenye sura hiyo. Walipangwa katika legioni mbili (vikosi vikuu vya jeshi la Roma, kila kimoja cha maelfu ya askari), Seneti ikazipeleka Sicilia kama adhabu, zikakatazwa kurudi Italia vita vikiendelea. Marcellus, kamanda wa Kirumi huko Sicilia, aliwaombea Seneti iwape nafasi ya kujisafisha, ikakataa kuwaondolea adhabu. Mwaka 204 KK kamanda Scipio Africanus alichukua watu kutoka legioni hizo alipovuka kwenda Afrika. Huwezi kujaza legioni mbili kwa watu 3,000 na wapanda farasi 370 (70 waliokimbia na Varro na kama 300 wa washirika, ndio anaowataja Polybius).

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Livius hakumshinda Polybius kwa ubora. Ameshinda kwenye mstari huu mmoja, kwa sababu mstari wake unaungwa mkono na jambo la kiserikali lililoacha alama miaka kumi na zaidi: maazimio ya Seneti, majina ya makamanda, mahali legioni zilipowekwa. Namba ya wafu anaweza kuibuni yeyote. Kubuni legioni mbili zinazolalamika kwa miaka 12 ni kazi ngumu zaidi.

Nyaraka

Naunga mkono, nikiongeza hatua ya pili: kila sentensi iulizwe *imejuaje*. Siyo "Polybius anasema", bali "Polybius amelipata wapi hili?"

Kwa vita vya Hannibal alikuwa na mifereji isiyopungua minne, na maji yake hayalingani.

Kwanza, Fabius Pictor, Mrumi wa kwanza kuandika historia, tena kwa Kigiriki. Alikuwa seneta, aliishi wakati wa vita, na baada ya Cannae ndiye aliyetumwa Delphi kuuliza miungu. Polybius mwenyewe anaonya: wapo wanaomwamini Fabius kwa sababu tu aliishi wakati ule na alikaa Seneti, yeye anataka maneno yake yapimwe kwa mambo yenyewe. Onyo hilo ni la karne ya 2 KK na bado hatujalipita.

Pili, Wagiriki waliokuwa kambini kwa Hannibal, Silenus na Sosylus. Huyu Sosylus ndiye aliyemfundisha Hannibal Kigiriki. Polybius anamdhihaki kwamba anaandika umbea wa kwa kinyozi. Ukali huo usikudanganye: vitabu vyao vimepotea, tumebaki na vipande, kwa hiyo tunamsikia mshtaki bila mshtakiwa.

Tatu, mazungumzo na watu. Nne, na hii ndiyo lulu: bamba la shaba ambalo Hannibal aliliweka kwenye hekalu la Lacinium, karibu na Crotone, mwishoni mwa kukaa kwake Italia. Polybius alilisoma mwenyewe. Limeandika kwamba alipofika Italia alikuwa na Waafrika wa miguu 12,000, Wahispania 8,000, na wapanda farasi wasiozidi 6,000.

Ngoja tupime nguvu ya bamba hilo kwa kulinganisha na alichokirekodi Livius (21.38). Anasema waandishi hawakubaliani kabisa: wa juu wanampa Hannibal 100,000 na wapanda farasi 20,000, wa chini 20,000 na 6,000. Unaona wa chini ndiye bamba. Tena anamtaja Cincius Alimentus, Mrumi aliyetekwa na Hannibal, aliyempa 80,000 na 10,000, lakini Livius anabaini kwamba ndani yake wamechanganywa Wagalia na Waliguria waliojiunga baadaye. Mateka alikuwa kambini kwa macho yake, na bado namba yake haifai kwa swali la "alivuka Alps na wangapi", kwa kuwa inahesabu kitu kingine. Kuwapo kwenye tukio kunakusaidia kujua ulichokiona. Hakukusaidii kujua jumla.

Sasa rudi kwa Polybius yuleyule. Hannibal anaondoka Cartagena, Hispania, na watu wa miguu 90,000 na wapanda farasi 12,000. Anavuka Pyrenees na 50,000 na 9,000. Baada ya kuvuka Rhône ana 38,000 na 8,000 na ushei. Anafika Italia na 20,000 na 6,000. Kati ya Pyrenees na Rhône wamepotea watu wa miguu 12,000 bila Polybius kusimulia pigano linalotosha kuwamaliza. Namba ya mwisho ina bamba. Ile ya 90,000 haielezwi imetoka wapi. Wengi wanazinukuu zote nne kwa uzito mmoja kwa sababu zimeandikwa na mtu mmoja, na hapo ndipo kosa linapoingia: imani ya bamba inamwagikia namba zisizo na bamba.

Kaskazi

Nyote mnamwonea Polybius. Livius hakujua vita, na tuna ushahidi wa wazi. Vita vya Cynoscephalae, 197 KK: Polybius anaeleza kwamba Mfalme Philip wa Makedonia, akipigana na Roma, aliamuru kikosi cha mikuki mirefu *kuinamisha* mikuki na kushambulia. Livius alikuwa na ukurasa huo mbele yake, akaelewa kwamba waliambiwa *waiweke chini* mikuki na kuchomoa panga, eti kwa sababu urefu wake uliwasumbua. Yaani jeshi zima linatupa silaha yake kuu sekunde adui anapofika. Mtu aliyewahi kuona gwaride moja asingeandika hivyo.

Angalieni pia anavyopamba Cannae. Upepo wa Volturnus unawapulizia Warumi vumbi machoni. Wanumidia 500 wa jeshi la Hannibal wanajifanya wamesalimu amri huku wameficha panga ndani ya nguo, kisha wanawachoma Warumi mgongoni. Polybius hana habari ya Wanumidia hao.

Nyaraka

Kaskazi, la mikuki sikupingi. Na la Wanumidia umenisaidia, kwa sababu Appian, mwandishi wa baadaye, naye analo, ila kwake wale 500 ni Wakeltiberia wa Hispania. Tukio lilelile, idadi ileile, kabila jingine. Hadithi inayobadili kabila kila inapohama kitabu ni ya kuwekwa kando. Tazama na kazi inayofanya: inatoa sababu ya kushindwa ambayo si ujinga wa makamanda. Upepo, vumbi, hila ya adui. Simulizi za walioshindwa zimejaa vitu hivyo.

Lakini tusimalizie hapo, maana Polybius naye ana mlezi. Alipelekwa Roma mwaka 167 KK pamoja na Wagiriki wa Akaya kama 1,000 walioshikiliwa, akawa mtu wa karibu wa Scipio Aemilianus. Huyu Scipio kwa damu ni mjukuu wa Lucius Aemilius Paullus, konsuli aliyekufa Cannae. Sasa msome Polybius: Paullus ni mwenye busara, anashauri wasipigane kwenye uwanda mpana, anakufa kishujaa. Varro ni mpumbavu mwenye papara, na ndiye aliyeamuru siku hiyo. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake.

Kipimo: Varro alitendewaje baadaye? Seneti ilimlaki na kumshukuru kwa kutoikatia tamaa jamhuri, kisha akapewa jeshi la Picenum kwa miaka. Roma haikuwa na tabia ya kumpa jeshi tena mtu inayemwona ndiye aliyeua taifa. Anayetupa habari ya shukrani hiyo ni Livius, ambaye naye anamchafua Varro kurasa zilizotangulia. Habari inayokwenda kinyume na hadithi ya mwandishi mwenyewe ndiyo ninayoishika kwanza, kwani hakuwa na faida ya kuibuni.

HesabuKwanza

Na tumpe Livius haki yake kwa jambo moja ambalo Polybius halifanyi mara kwa mara: anaonyesha ugomvi wa vyanzo. Kwenye kutekwa kwa Cartagena na Warumi anataja idadi ya mitambo ya kurushia mishale iliyokamatwa. Ukimfuata Silenus, mikubwa kwa midogo ni kama 60. Ukimfuata Valerius Antias, mwandishi wa Kirumi, mikubwa 6,000 na midogo 13,000. Sitini dhidi ya elfu kumi na tisa! Livius mwenyewe anachoka, anasema uongo hauna mpaka.

Cynoscephalae hivyo hivyo: Valerius anaua maadui 40,000, mwandishi mwingine, Claudius, 32,000, na Livius anasema yeye amemfuata Polybius, 8,000. Kwa hiyo tuna kipimo cha chumvi ya Valerius. Pale ambapo kuna mwingine wa kumlinganisha naye, amezidisha mara 5 kwenye wafu na zaidi ya mara 300 kwenye mitambo. Unapoikuta namba ya Livius isiyo na jina la chanzo, kubwa kupita kiasi, na Polybius hayupo kwenye sehemu hiyo (vitabu vyake vingi vimebaki vipande), shuku kwamba Valerius yuko nyuma ya pazia.

Hata Cannae anafanya hivyo. Sura ya 36 anakiri vyanzo vinatofautiana kuhusu jeshi: wengine wanasema waliongezwa askari wapya 10,000 tu, wengine legioni mpya 4 na kufanya jumla 8, na wengine wanataja jeshi la watu 87,200. Polybius anakupa legioni 8 bila kukuambia kwamba kuna mapokeo mengine. Ndiyo maana wapo wanahistoria wa sasa wanaolishusha jeshi hadi karibu 50,000.

Mdadisi_wa_Tanga

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Ila sasa mnanitia hofu: kama jumla yenyewe ina mashaka, napimaje jumla? Nikiipeleka mbele kidogo, vipi kuhusu Mgiriki Herodotus na mamilioni yake ya jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi, au Caesar huko Gallia? Huko hakuna Livius wa kumlinganisha na Polybius.

HesabuKwanza

Unapima kwa mkate na kwa barabara. Mwandishi mmoja anatosha.

*Mkate.* Polybius (6.39) anatoa posho ya askari wa miguu wa Kirumi: karibu theluthi mbili za medimnos ya ngano kwa mwezi. Medimnos ya Athens ni kama lita 52, kwa hiyo ni lita 35 kasoro, yaani kilo 26 au 27 kwa mwezi, karibu kilo 0.9 kwa siku. Watu 80,000 wanakula tani 72 kwa siku. Kwa magunia ya kilo 100, ni magunia 720 kila siku kabla hujalisha farasi na punda mmoja. Inawezekana? Inawezekana ukiwa na ghala kubwa karibu, na kwa siku si nyingi. Sasa angalia kilichotangulia vita: Hannibal aliiteka ngome ya Cannae ambako Warumi walikuwa wameweka nafaka iliyokusanywa upande wa Canusium. Jeshi kubwa mno lililonyang'anywa ghala lake halina anasa ya kungoja. Namba ya 80,000 na mwendo wa matukio vinakubaliana. Siyo uthibitisho, ila haikuanguka kwenye mtihani.

Herodotus anaanguka. Anahesabu wapiganaji 2,641,610, kisha anawaongeza mara mbili kwa ajili ya watumishi na wasindikizaji: 5,283,220. Uzuri wake, anafanya hesabu ya nafaka mwenyewe: kila mtu choenix moja kwa siku, ambayo ni kama lita moja, na medimnos ina choenix 48. Anapata medimnos 110,340. Gawanya mwenyewe 5,283,220 kwa 48: ni 110,067. Amekosea kwa medimnos 273. Kosa ni dogo, lakini linatuambia namba hii ameipiga yeye mezani, hakuinakili kwenye daftari la ghala la Waajemi. Kwa uzito ni zaidi ya tani 4,000 kwa siku. Yaani malori ya tani 30 zaidi ya 130 kila siku, wakati wao walikuwa na ngamia, punda na meli za mbao.

*Barabara.* Chukua askari wa miguu 1,700,000 pekee. Wapange wanne wanne, kila safu mita 1.5. Msururu ni kilomita 637, karibu umbali wa barabara ya Dar es Salaam hadi Arusha. Wakitembea kilomita 20 kwa siku, wa kwanza anaondoka mwezi mzima kabla ya wa mwisho hajaanza kutembea. Mwanahistoria Mjerumani Hans Delbrück ndiye aliyeifanya njia hii kuwa silaha, na bado inakata. Tahadhari moja: mtihani huu unakupa dari, haukupi idadi. Ukishaonyesha milioni haiwezekani, hujathibitisha 100,000 wala 200,000. Watu wengi wanavuka hapo kimyakimya.

Caesar (1.29) anadai zilikutwa mbao za orodha kwenye kambi ya Wahelvetii, kabila alilolishinda huko Gallia, zimeandikwa kwa herufi za Kigiriki. Helvetii 263,000, Tulingi 36,000, Latobrigi 14,000, Rauraci 23,000, Boii 32,000. Jumla 368,000, na inafunga. Kisha anasema wenye kubeba silaha walikuwa 92,000. Gawanya 368 kwa 4. Ni 92 kamili, bila salio. Makabila matano tofauti yote kwa pamoja yawe na mpiganaji robo kamili? Hiyo ni kanuni ya "mtu mmoja kwa wanne" iliyovaa nguo ya takwimu. Mojawapo ya namba hizo mbili imezaliwa na nyenzake, na inawezekana zote hazikuwa kwenye mbao. Suetonius, aliyeandika maisha ya Caesar, anatuhifadhia maneno ya Asinius Pollio, aliyepigana upande wa Caesar, kwamba kumbukumbu hizo ziliandikwa bila uangalifu na bila kujali ukweli sana.

Nyaraka

Niongeze tu kwamba Herodotus anayeanguka kwenye milioni ndiye huyohuyo anayewataja washirika sita wa Darius, mfalme wa Uajemi, waliopindua utawala, na maandishi ya Behistun, ambayo Darius mwenyewe aliyachonga mlimani, yanakubaliana naye kwa majina matano kati ya sita. Hakuwahi kuyasoma. Aliyapata kwa mdomo, karibu karne moja baadaye. Kwenye majina ya wakubwa yuko vizuri, kwenye idadi ya umma yuko hovyo.

Halafu kuna Ctesias, tabibu wa mfalme Artaxerxes II, aliyeishi ikulu ya Uajemi kabisa. Huyu anaiweka vita ya Plataea *kabla* ya ile ya Salamis, ingawa ilipiganwa baadaye; zote ni za Wagiriki dhidi ya Waajemi. Ukaribu na ikulu haukumpa hata mpangilio wa vita viwili vikubwa.

Kaskazi

Kwa mwandishi asiye na mwenzake, mimi natazama pia kama anaonyesha hatua zake. Thucydides, mwanahistoria wa Athens, kuhusu vita vya Mantinea, 418 KK, anasema hawezi kutoa idadi ya Wasparta kwa sababu ya usiri wa dola yao. Badala ya kubuni anakupa muundo: vikosi 7, kila kimoja sehemu 4, kila sehemu vikundi 4, kila kikundi watu 4 mstari wa mbele. 7 × 4 × 4 × 4 = 448. Kina kwa kawaida watu 8, basi 3,584, ukiacha Waskiritai, kikosi cha pembeni. Wapo wataalamu wanaoona amekosea muundo na jeshi lilikuwa karibu mara mbili. Inawezekana. Lakini unaweza kubishana naye hatua kwa hatua, na Valerius Antias huwezi.

Kwingine anakataa kutaja wafu wa Ambracia kwa sababu idadi aliyoambiwa haiaminiki ukiilinganisha na ukubwa wa mji. Kwa hotuba pia amesema mapema: maneno kamili yalikuwa magumu kukumbuka, kwa hiyo ameandika kile kilichofaa kusemwa, akikaa karibu na maana ya jumla. Ukinukuu hotuba ya Pericles, kiongozi wa Athens, kama kinasa sauti, kosa ni lako. Tukija kwa Cleon, mwanasiasa wa Athens anayemchora vibaya, msome ukikumbuka kwamba Thucydides alikuwa jenerali 424 KK, akashindwa kuuokoa mji wa Amphipolis, akakaa uhamishoni miaka 20.

Mchimba_Kina

Nimechelewa. Hamjagusa ardhi na bahari.

Vita vya visiwa vya Aegates kati ya Roma na Karthago, 241 KK: Polybius anasema Roma iliunda meli 200 za daraja la *watano* (meli kubwa za vita za makasia), ikazamisha 50 na kukamata 70. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamepandisha kutoka sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Levanzo pembe za shaba za kugongea meli za adui, zaidi ya 20. Mahali na tukio vimethibitika. Lakini pembe nyingi ni ndogo mno kwa meli za daraja hilo. Zinafaa meli ndogo zaidi, za safu tatu. Na nyingi zina maandishi ya Kilatini, japokuwa walioshindwa ni Wakarthago. Maelezo mojawapo ni kwamba ni meli za Kirumi zilizotekwa miaka ya nyuma, hasa kwenye vita vya Drepana 249 KK, zikageuziwa waliozijenga. Msigeuze hilo kuwa "Polybius mwongo". Zilizozama si sampuli ya meli zote.

Na kipimo cha bei rahisi kuliko vyote: mwaka unaofuata mji uko mikononi mwa nani? Ramesses II amejaza kuta za mahekalu kwa ushindi wake wa Kadesh, karibu 1274 KK. Kadesh ikabaki kwa Wahiti, na maandishi yao yaliyochimbwa Hattusa, mji wao mkuu, yanasema Misri ndiyo iliyopigwa.

Mdadisi_wa_Tanga

Basi naandika hivi, mnikosoe: "Waliokufa Cannae upande wa Roma ni kama 48,000 kwa mujibu wa Livius. Namba ya Polybius, 70,000, haifungi na jumla yake mwenyewe na haiachi nafasi ya manusura waliounda legioni mbili. Ukubwa wa jeshi, 80,000 na ushei, ni wa Polybius na una mpinzani tangu zamani."

HesabuKwanza

Nzuri. Rekebisha sehemu moja. Livius mwenyewe haweki 45,500 na 2,700 kama jambo alilolihakiki, anaandika *inasemekana*. Na usidhani namba isiyo duara ndiyo ya kweli. 87,200 nayo si duara, na inaonekana ni legioni 8 za watu 5,000, washirika sawa nao, na wapanda farasi juu yake: 80,000 na 7,200. Hesabu ya karatasi, si ya paredi. Weka "inasemekana" yake mle ndani ya sentensi yako, na uondoe "ni".